Kitabu Tulichokikawiza
(Maneno yaliyosemwa na walimu mbele ya Wakristo wa mitaa yote, siku ya Jubilei ya Dayosisi)



 Wenzetu wamekwisha kueleza habari za makanisa, shule na hospitali zilizojengwa katika miaka hii ya Dayosisi yetu. Sisi tumeona yafaa tuseme habari ya jambo dogo, tena jambo ambalo kulisema kwatutia haya kidogo. Ni habari ya wazo jema ambalo tulikaa nalo miaka 19 pasipo kulifanya, na jinsi lilivyoanza kuwa kazi. Hatulisemi kwa kujisifu, maana hapana cha kujisifia. Twalisema kwa kuwa twadhani wako wengi hapa walio na wazo la namna hiyo, nalo limekaa ndani yao kama mbegu katika kibuyu, kavu na salama, wala halioti.

Wazo lenyewe ni hili. Juu ya mlango wa kanisa la mtaa wetu liko jiwe lililoandikwa. Limeandikwa mwaka, na jina la askofu aliyelibariki kanisa, basi. Siku moja, baada ya mkutano wa walimu, tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, na mtoto mmoja wa shule akatujia akatuuliza, "Walimu, ni nani aliyelijenga kanisa hili?" Tukamtajia jina lililo juu ya mlango. Akatutazama, akauliza tena, "Ni yeye aliyeyabeba mawe?" Tukacheka, walakini jibu hatukuwa nalo. Basi siku ile ile tukaazimia kuandika kitabu cha majina ya watu waliolijenga kanisa lile, na habari ya kila mmoja, kazi aliyoifanya na mahali alipotoka. Mwenzetu mwenye mwandiko mzuri akaliandika azimio katika daftari ya mkutano. Tukapiga makofi, tukaenda zetu nyumbani kwa furaha, kana kwamba kitabu kimekwisha kuandikwa.

Hata mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili, na wa tano. Hatukuliacha wazo letu. La, tulilipenda mno. Kila mwaka tulilisema. Mwaka mmoja tulisema tungoje kwanza tupate mashine ya kupiga chapa. Mwaka mwingine tulisema tungoje mtu aliyesoma elimu ya historia, aje atuonyeshe njia. Mara tulingoja fedha, mara tulingoja likizo ndefu, mara tulingoja mwalimu mkuu mpya. Sababu hizo zote zilikuwa za kweli, nasi hatukumdanganya mtu. Walakini sababu ya kweli huweza kuiharibu kazi sawasawa na uvivu, maana mtu akiwa nayo hulala usingizi bila kujilaumu.

Kuna hatari nyingine pia, nayo tuliitambua baadaye. Wazo lisilofanywa halina kosa. Kitabu kile mioyoni mwetu kilikuwa kizuri sana: kina picha, kina jalada jekundu, hakina jina lililokosewa wala mzee aliyesahauliwa. Tulipofikiri kuanza, tuliogopa kwamba kitabu cha kweli hakitakuwa kizuri kama kile. Basi tukakilinda kile cha moyoni kwa kutoandika cha kweli.

Sasa twafika penye haya yetu. Katika mtaa wetu alikuwako bibi mmoja mzee, aliyeyachota maji ya kulowanishia chokaa kanisa lilipojengwa, akiwa msichana mdogo. Siku moja wawili wetu walikwenda nyumbani kwake kwa habari ya mjukuu wake aliyekosa shule. Walipokwisha shauri lile wakataka kuaga; yule bibi akawaambia, "Walimu wangu, kile kitabu chenu kimefika wapi?" Wakamjibu, "Bado, Bibi, tunajitayarisha." Akasema, "Haya, kaeni kitako niwape majina, maana mimi sitayarishwi tena." Akaanza kuwataja, mmoja mmoja, kwa vidole: nani aliyeyapasua mawe, nani aliyechoma chokaa, nani aliyepika uji wa wafanya kazi, nani aliyeanguka kutoka jukwaani akavunjika mguu naye akarudi kazini akichechemea. Alitaja watu 20 na zaidi. Wenzetu wale hawakuwa na karatasi wala kalamu. Wakamwambia, "Bibi, haya ni mali. Tutarudi Jumamosi na daftari." Akacheka, akasema, "Karibuni. Mtanikuta hapa hapa."

Jumamosi ile palikuwa na mkutano. Jumamosi ya pili ilinyesha mvua. Ya tatu palikuwa na mitihani ya kusahihisha. Walipokwenda, katika juma la sita, waliona watu wengi wameketi uani juu ya mikeka, nao wanazungumza kwa sauti ya chini. Yule bibi alikuwa amezikwa jana yake. Wakakaa matanga pamoja na watu, na usiku walipotoka wakajaribu kuyakumbuka majina. Katika majina yale 20 na zaidi waliyakumbuka 4.

Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Tumbo letu liliuma kweli kweli. Maana kama tungaliibiwa fedha za mtaa, tungalizichanga tena. Majina yale hayachangwi.

Baada ya siku hizo tulikutana, na mmoja wetu akatuambia, "Sisi huwafundisha watoto habari ya kanisa la Mkunazini kila mwaka. Je, sisi wenyewe tumepata kuisikiliza?" Basi tukaisoma upya habari ile, si kwa ajili ya darasa, bali kwa ajili yetu. Twaomba ruhusa tuieleze kwa ufupi, kwa kuwa ndiyo iliyotuondoa chini ya mwembe.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Alitamani watu wa nchi hizi wapate vitabu katika lugha yao wenyewe. Wazo hilo lilikuwa kubwa kuliko nguvu za mtu mmoja. Basi alianza na kilichokuwapo: mashine ndogo ya kupiga chapa, na vijana wachache wa Misheni waliojifunza kupanga herufi. Hakungoja kitabu kikubwa kiishe. Alipiga chapa vijitabu vidogo vidogo. Tena alikaa na wasimulizi wa Unguja, akazisikiliza hadithi zao, akaziandika. Mwaka 1870 kikatokea London kitabu chake cha hadithi za Kiswahili, na katika mwaka ule ule kitabu chake cha kufundishia lugha. Ile hadithi ya kima na papa, ambayo ninyi nyote mmeisikia kwa bibi zenu, imo katika kitabu kile. Wasimulizi wale wamekwisha kufa zamani. Walakini hadithi zao zasomeka hata leo, kwa sababu siku ile waliposimulia palikuwa na mtu aliyekaa na karatasi. Maneno hayo yalituchoma, maana kwa yule bibi yetu karatasi haikuwapo.

Tena ni habari ya kanisa lenyewe. Mnamo Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga masoko ya watumwa na kukataza watumwa kusafirishwa baharini. Soko kubwa la Mkunazini likafungwa. Na siku ya Noeli ya mwaka ule ule, yaani miezi 6 tu na zaidi kidogo baadaye, jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale palipouzwa watu. Tusidhani kwamba siku ile mambo yote yalikuwa tayari. Utumwa wenyewe ulikuwa haujaisha. Katika sheria ya Unguja haukuondolewa hata mwaka 1897. Kama wangalingoja mpaka kila jambo likae sawa, wangalingoja miaka 24. Waliweka jiwe moja kwanza.

Ninyi mlio waashi mtapenda kusikia habari ya paa lake. Nyumba za mawe za Unguja zilikuwa na dari za boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ni fupi, vyumba vilikuwa vyembamba. Kwa boriti peke yake haiwezekani kuezeka kanisa pana. Askofu Steere akafikiri paa la tao, lililokunjwa kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, la mawe ya matumbawe ya kisiwa kile kile yaliyochanganywa na saruji. Wengi walikuwa na shaka, wakadhani litaanguka. Halikuanguka. Limesimama zaidi ya miaka 140. Askofu mwenyewe alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa lile. Na ile kazi ya Maandiko aliyoianza iliendelea mikononi mwa wengine, hata Biblia nzima ya Kiswahili ikatoka mwaka 1891, yeye akiwa kaburini miaka 9.

Liko jambo jingine ambalo wageni husimuliwa wakiingia kanisani mle. Karibu na mlango ziko nguzo zilizosimamishwa juu chini. Yasemekana waashi waliziweka hivyo Askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi hakuzibomoa. Twaipenda habari hiyo kuliko zote. Kanisa lile lina kosa ambalo kila mtu aweza kulionyesha kwa kidole, na hata hivyo ni kanisa. Watu husali ndani yake. Kitabu chetu cha moyoni hakikuwa na nguzo iliyopinduka, wala hakikumfaa mtu ye yote.

Tena tuliona neno jingine. Mgeni afikaye Mkunazini huonyeshwa kaburi la Askofu, wala hapana aonyeshwaye kaburi la mwashi aliyepanda jukwaani wakati watu walipokuwa wakisema paa litaanguka. Twamheshimu Askofu. Lakini tao lile halikushikwa na mikono yake miwili tu. Tukajua ya kuwa wazo letu lile la zamani lilikuwa jema kuliko tulivyodhani, na kosa letu lilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani.

Basi tulianzaje? Twaeleza ili mtu akitaka kufanya kama sisi apate njia.

Kwanza tulinunua daftari 6 za kawaida, kama zile za watoto wa shule, na kalamu. Hatukununua kitu kingine. Ile mashine tuliyoingoja miaka 19 hatunayo hata sasa.

Pili tulichagua saa. Kila Jumamosi, baada ya saa nane mchana, wawili wawili huenda kwa mzee mmoja. Akitokea mgonjwa au msiba, mwingine huenda badala yake, Jumamosi haiachwi. Tuliona ya kuwa wazo lisilo na saa yake ni kama mgeni asiye na kiti: kila mtu humkaribisha kwa maneno, naye husimama mlangoni hata achoke.

Tatu, tuliandika maneno kama yalivyosemwa, kisha tukamsomea mzee yale tuliyoyaandika. Hapo tulijifunza sana. Mara nyingi mzee akisikia maneno yake husema, "La, si hivyo," akatengeneza. Kisha hukumbuka mtu wa pili na wa tatu. Na wazee wawili wakihitilafiana, huandika maneno ya wote wawili, na jina la kila mmoja chini ya maneno yake.

Ndugu, kazi ilipoanza, wazo lenyewe likageuka. Sisi tulidhani tutaandika kitabu cha wazee mashuhuri. Wazee hawakutaka kutuambia habari za mashuhuri. Walituambia habari za chumvi iliyokosekana, na kamba zilizosokotwa usiku, na mwaka wa njaa ambao kazi ilisimama ukuta ukiwa umefika kifuani. Tulidhani wajenzi walikuwa wanaume. Tukaona ya kuwa mchanga wote na maji yote yalibebwa na wanawake, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Tulidhani wajenzi walikuwa Wakristo wote. Kumbe mwashi mkuu alikuwa Mwislamu kutoka pwani, aliyefundisha vijana wetu kuchoma chokaa, na siku ya Ijumaa kazi yake ilingoja mpaka arudi kutoka kusali. Hayo yote hayakuwamo katika kitabu kile cha moyoni. Tungalikaa chini ya mwembe miaka 19 mingine, tusingaliyajua.

Hata leo daftari 4 zimejaa, na ya tano imefika katikati. Yamo majina 137. Yako makosa, twajua. Jina moja tuliliandika mara mbili kwa sababu mtu yule aliitwa kwa jina la nyumbani na kwa jina la ubatizo. Ukoo mmoja ulituijia kwa hasira, kwa kuwa tulimsahau babu yao. Tukaomba radhi, tukaketi nao, wakatupa habari za babu, nazo zikawa nzuri kuliko kurasa zote zilizotangulia. Kumbe kosa lililoandikwa laweza kusahihishwa na watu. Ukurasa mtupu haumkasirishi mtu, wala haumleti mtu kuusahihisha.

Sasa twawageukia ninyi.

Walimu wenzetu, ninyi mnao mawazo mengi, twawajua. Yuko anayetaka kutunga mchezo wa kuigiza kwa watoto. Yuko mwenye nyimbo kichwani ambazo hajamwimbia mtu. Yuko aliyeanza kukusanya majina ya miti na dawa zake, akaacha penye mti wa 12. Hatusemi, acheni shule mkafanye hayo. Twasema, lipeni wazo lenu saa moja katika juma, na daftari moja. Msilipe zaidi ya hayo kwanza, wala msilipe pungufu. Na mkianza, mwonyesheni mwenzenu kilichoandikwa kingali kibaya, apate kuwasaidia.

Wazee wetu na bibi zetu, nanyi twawaomba. Msingoje kuulizwa. Mkimwona mwalimu anapita njiani, mwiteni, mkamwambie, "Keti, uandike." Akisema hana kalamu, mcheni aibu na mpeni ya mjukuu wenu. Sisi tuliaga kwa adabu nyumbani kwa bibi yule, naye akatuacha twende kwa adabu. Lau angalitukemea siku ile, tungalikuwa na majina yake.

Na ninyi vijana, yule mtoto aliyetuuliza swali chini ya mwembe amekuwa mtu mzima, naye ana watoto wake katika shule yetu. Tulimjibu juzi tu. Tulimpa daftari ya kwanza akaisoma, akaona humo jina la nyanya yake, aliyebeba mchanga kutoka mtoni. Alikuwa hajui. Alikaa kimya muda, kisha akatuuliza swali la pili, nalo hatuna jibu lake bado: "Walimu, na zile kurasa za mwisho, mbona mmeziacha tupu?"

Kurasa zile, ndugu zetu, ni za bibi yule. Juu yake tumeandika majina 4 tuliyoyakumbuka, na chini yake mistari iko wazi. Pengine katika mkutano huu yuko mtu aliyesikia kwake majina yale, akiwa mtoto jikoni, au shambani, au njiani kwenda kisimani. Daftari iko hapa mezani, karibu na mlango, na kalamu iko juu yake. Twawaomba, kabla hamjaenda kula, mpite hapo. Hata jina moja lafaa. Hata nusu ya jina tutaipokea.

Twamshukuru Mungu kwa Jubilei hii, na kwa wote waliobeba mawe, wale tuwajuao na wale tuliochelewa kuwajua.